Simu Kulala kwenye Chaji
Mhadhara kwa wananchi wa Chome, wilaya ya Same

Nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kuja, maana mtu kuacha jembe au duka lake siku ya kazi ili asikilize habari za betri ya simu ni heshima ambayo mzungumzaji hana budi kuilipa kwa kusema jambo lenye faida. Naomba radhi mapema kwa maneno machache ya kemia yatakayonitoka. Nitajitahidi yasizidi.

Makusudi ya mhadhara huu ni kutetea hoja moja. Betri ya simu janja haichakazwi na kuchomekwa mara nyingi, ingawa ndivyo wengi tunavyoamini. Inachakazwa na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni, na huchakaa haraka zaidi ikikaa hivyo kwenye joto. Nikifanikiwa kuwathibitishia hilo, tabia zetu kadhaa itabidi zibadilike: kuchomeka simu saa tatu usiku na kuichomoa alfajiri, kungoja izime kabisa ndipo tuikumbuke chaja, kuiweka juani pembeni ya sola. Najua yupo atakayeona mada hii ni ndogo kwa kikao kikubwa kama hiki. Namwomba afikirie simu yake inafanya kazi gani tangu Vodacom walete M-Pesa nchini mwaka 2008. Humo ndimo mlimo mchango wa kikundi cha kuweka na kukopa, ada ya mtoto aliyeko shule ya bweni, umeme wa LUKU, bei ya mazao kutoka kwa mnunuzi aliyeko Same mjini. Simu ikizima saa kumi jioni, fedha zako zipo lakini hazishikiki. Betri iliyochoka ni hasara ya kila siku, na kwa kuwa inakuja kidogo kidogo hatuiiti hasara. Tunasema tu kwamba simu siku hizi inakula chaji.

1. Imani tulizorithi kutoka kwa betri nyingine

Ukinunua simu leo, muuzaji bado anaweza kukuambia uichaji saa nane kabla ya kuiwasha, na usiichomeke tena mpaka izime yenyewe. Asidhaniwe kuwa mwongo. Anasema kitu kilichokuwa kweli kwa betri za aina nyingine. Betri za nikeli na kadimiamu, zilizotumika kwenye redio za upepo na vifaa vingi vya zamani, zilikuwa na kasoro ya kuzoea: ukizijaza mara kwa mara kabla hazijaisha, zilianza kulegea mapema, kana kwamba zimesahau sehemu iliyobaki ya nguvu zao. Dawa yake ilikuwa kuzimaliza kabisa kisha kuzijaza. Hata Nokia 3310 ya mwaka 2000, ile simu ngumu ambayo wengi hapa mnaikumbuka, ilitoka kiwandani na betri ya jamii ya nikeli. Ushauri wa muuzaji ulizaliwa zama hizo. Simu zikabadilika, betri zikabadilika, ushauri ukabaki.

Betri ya simu janja ni ya lithiamu. Sony ndio waliozipeleka sokoni kwa mara ya kwanza, mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu walioweka msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Nobeli ya kemia. Wapo wanaosikitika kwamba Rachid Yazami, Mmoroko aliyeonyesha mapema miaka ya 1980 kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka ndani ya madini ya kinywe, hakuwamo kwenye orodha hiyo, na mimi ni mmoja wao. Mchango wa Afrika haukuishia kwa msomi huyo. Kobalti iliyomo kwenye betri nyingi za simu inachimbwa zaidi Kongo, huko Kolwezi na kwingineko Katanga ambako watu wanazungumza Kiswahili kama sisi, na kinywe chenyewe tunacho Mahenge, mkoani Morogoro. Kwa hiyo tusizungumzie betri kana kwamba ni kitu cha ajabu kilichodondoka kutoka Ulaya.

Ndani yake mna pande mbili zilizotenganishwa na maji maalumu ya kemikali. Upande mmoja una kobalti na ndugu zake, upande wa pili una kinywe. Ukichaji, chembe za lithiamu zinahama kutoka upande wa kobalti na kwenda kujibana ndani ya kinywe; ukitumia simu, zinarudi zilikotoka. Kila zinaposafiri, na hata zinapokaa tu, baadhi yake hukwama na kugeuka utando mwembamba unaoganda juu ya kinywe. Lithiamu iliyokwama kwenye utando huo hairudi kazini. Sisi Wapare tuna namna rahisi ya kulielewa jambo hili, kwa sababu tuna ndiva, yale mabwawa yetu ya kumwagilia mashamba. Ndiva inajaa usiku na kufunguliwa asubuhi, na kila maji yanapoingia huacha tope kidogo chini. Kwa macho bado imejaa mpaka ukingoni, lakini maji yanafika shamba la tatu badala ya la tano. Tofauti ni kwamba ndiva ikijaa tope tunaitisha msaragambo, watu wanatoka na majembe wanalizoa. Kwa betri, hakuna msaragambo unaoweza kuitishwa. Tope likiingia limeingia, na kinachobaki mikononi mwetu ni kuamua liingie kwa kasi gani.

Hapa niweke sawa jambo moja kuhusu hesabu ya mizunguko. Watengenezaji wanasema betri inaishi mizunguko kadhaa. Apple, kwa mfano, wanaeleza kwamba iPhone 14 na zilizoitangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Wengi wakisikia hivyo hudhani kila kuchomeka ni mzunguko mmoja, ndiyo maana wanaogopa kuchomeka. Mzunguko mmoja ni matumizi ya asilimia 100 yakijumlishwa. Ukichaji kutoka 40 hadi 65 mara nne, umetumia mzunguko mmoja tu, sawasawa na mwenzako aliyechaji mara moja kutoka sifuri hadi 100. Tena vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba aliyekwenda kwa vipande vidogo vidogo ameitendea betri yake wema kuliko aliyeimaliza na kuijaza. Kwa hiyo nyinyi mnaochomeka dakika ishirini dukani mkipita, mkakaripiwa kwamba mnaiua simu, leo mmepata wakili.

2. Usiku mzima kwenye soketi

Nifike sasa kwenye kiini cha mhadhara. Betri ya simu ikijaa, msukumo wake unafika volti 4.2, na kwenye simu nyingi za sasa unapita hapo kidogo. Katika hali hiyo pande zote mbili nilizozitaja zimekazwa mpaka mwisho: upande mmoja umenyang'anywa lithiamu yake karibu kadiri unavyoweza kuvumilia, na upande wa pili umejazwa mpaka umefura. Kemikali iliyo katikati haipendi msukumo huo, nayo inaanza kuoza taratibu. Hakuna moshi wala harufu, na simu inaonekana imetulia mezani. Utando nilioutaja unazidi kunenepa saa baada ya saa, iwe simu inatumika au haitumiki.

Ushahidi upo, na ni wa siku nyingi. Isidor Buchmann, mwanzilishi wa kampuni ya Cadex ya Kanada inayotengeneza vifaa vya kupimia betri, ameeneza jedwali linalotumika sana na wahandisi. Betri ya lithiamu iliyohifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ikiwa na chaji ya asilimia 40 inabaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Betri kama hiyo, kwenye joto lilelile, ikihifadhiwa imejaa, inabaki na takriban 80. Hakuna aliyeitumia hata moja kati ya hizo. Hazikuchezeshwa gemu wala kupigwa simu. Zimekaa tu rafuni, moja imejaa na nyingine haikufika nusu, na baada ya mwaka moja imepoteza sehemu ya tano ya nguvu zake. Kwa upande mwingine, chanzo hichohicho kinaeleza kwamba ukipunguza kilele cha chaji kwa sehemu ya kumi ya volti, mizunguko ambayo betri inaweza kuvumilia inakaribia kuongezeka maradufu. Itasemwa kwamba vipimo hivyo vilifanywa kwa betri za miaka iliyopita na za leo zimeboreshwa. Zimeboreshwa kweli, na tarakimu za simu yako zitatofautiana na hizo. Lakini mwelekeo ni uleule, kwa sababu kemia ni ileile.

Tuchukue basi usiku wa kawaida. Simu inachomekwa saa tatu ikiwa na asilimia 30. Inapofika saa sita usiku, au kabla ya hapo, imejaa. Mwenyewe anaamka saa kumi na mbili asubuhi. Saa sita nzima simu imekaa kwenye kilele, usiku baada ya usiku. Zidisha kwa mwaka: ni zaidi ya saa 2,000, karibu miezi mitatu ya kukaa imejaa bila kazi yoyote. Hiyo miezi mitatu haikumpa mwenye simu hata dakika moja ya maongezi.

Vijana naona mnanong'ona, na nadhani najua mnachosema. Mnasema simu ya siku hizi ina akili, ikijaa inajikatia umeme yenyewe. Ni kweli, na ni vizuri kwamba ni kweli, maana bila kidhibiti hicho tungekuwa tunazungumzia nyumba zilizoungua. Lakini kidhibiti kinazuia umeme usizidi 100. Hakiishushi betri kutoka 100. Na simu ikishuka kidogo kwa kuwa intaneti imewashwa na ujumbe unaingia, kidhibiti kinaifungulia umeme tena mpaka ijae. Kwa hiyo akili hiyo inaizuia simu isilipuke, na wakati huohuo inaiweka usiku kucha palepale nisipotaka ikae. Watengenezaji wenyewe wamelikubali jambo hili kwa vitendo. Mwaka 2019 Apple waliweka kwenye iOS 13 mpango wa kuisimamisha chaji kwenye asilimia 80 usiku na kuimalizia karibu na saa unayoamka. Samsung wakaweka chaguo la kuishia 85. Mwaka 2023 iPhone 15 ikaja na chaguo la kutovuka 80 kabisa. Kampuni inayouza simu haina faida yoyote ya kukuambia simu yako isijae, na ikikuambia hivyo, ujue wahandisi wake wameona kitu.

Pingamizi la pili ni la mtu mwenye uzoefu wake: mimi nalaza simu kwenye chaji mwaka wa pili huu na haijaharibika. Simkatalii. Namwuliza tu maswali mawili. Siku za mwanzo simu hiyo ilikuwa ikitoka asubuhi na kurudi usiku na asilimia ngapi? Leo inarudi na ngapi? Uchakavu wa betri hauji siku moja kama kioo kuvunjika, na mtu anauzoea bila kujua, akianza kutembea na chaja mfukoni, kisha akinunua pawabanki, kisha akihamia kiti cha karibu na soketi kila anapoingia mahali.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na linatoka kwenye mazingira yetu wenyewe. Umeme wa milimani haueleweki. Wakala wa Nishati Vijijini umefikisha nguzo katika vijiji vingi tangu ulipoanza kazi mwaka 2007, lakini kufika kijijini si kufika kila nyumba, na mti ukiangukia waya kwenye makorongo ya mlima Shengena hakuna anayejua fundi atapanda lini. Mtu mwenye umeme wa namna hiyo akiambiwa aishie 80 ataona anaambiwa aondoke na gunia lisilojaa wakati barabara imekatika. Ana haki. Jibu langu ni kwamba madhara yanapimwa kwa saa za kukaa imejaa, na kule kuigusa 100 kwenyewe hakuna neno. Ukiwa na safari ya kushuka Same na kuendelea Dar es Salaam, jaza mpaka 100, tena jaza asubuhi ile unayoondoka, simu ikishajaa ianze kutumika palepale. Mawingu yakitanda na ukahofia umeme utakatika, jaza. Tabia ninayoipinga ni ya kila usiku, ya mtu asiye na safari, ambaye angeweza kuchomeka wakati chakula kinapikwa na kuchomoa anapokwenda kulala. Kwa saa moja na nusu ya jioni simu nyingi zitakuwa zimefika 80 au 90, kwa sababu chaji huingia kwa kasi mwanzoni na sehemu ya mwisho huingia kwa kudondoka. Ile asilimia 20 ya mwisho ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko kiasi chake, na ndiyo inayoiumiza betri zaidi.

3. Joto, na baraka ya kukaa juu

Mwaka 1889 Msweden Svante Arrhenius alieleza jinsi joto linavyoharakisha kemikali kushambuliana, na mafundi wakapata kipimo cha haraka: nyuzi kumi zikiongezeka, mwendo wa uharibifu unakaribia kuwa mara mbili. Rudini kwenye jedwali la Buchmann. Betri zilezile, mwaka uleule, lakini sasa kwenye nyuzi 40: yenye chaji ya asilimia 40 imebaki na 85, na iliyojaa imebaki na 65. Tazameni mambo mawili yanavyoshikana. Joto peke yake limeondoa kiasi. Kujaa peke yake kuliondoa kiasi. Yakikutana yameondoa zaidi ya theluthi ya betri kwa mwaka mmoja, na hakuna aliyeigusa.

Kwa hesabu hiyo nyinyi watu wa Chome mna bahati ambayo ndugu zenu wa Makanya na Hedaru hawana. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000, na kijiji hiki kiko chini ya mabega ya Shengena, mlima wa mita 2,462, wenye msitu na ukungu wake. Simu mbili za aina moja zilizonunuliwa siku moja, moja ikakaa hapa na nyingine ikakaa tambarare kando ya barabara kuu, hazitazeeka pamoja hata zikitumiwa sawa. Baridi ya huku hata mwezi wa saba haina ubaya kwa betri. Wenye kuogopa baridi ni wale wa nchi zinazoganda, maana kuchaji lithiamu chini ya sifuri kunaiharibu kwa namna nyingine.

Lakini bahati hiyo tunaitupa kwa mikono yetu. Tazameni kibanda cha kuchajisha simu siku ya gulio. Ubao mmoja umepigiliwa ukutani, extensheni tatu zimeunganishwa moja juu ya nyingine, na simu zimelazwa bega kwa bega kama samaki wa mnadani, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Zote ziko ndani ya kava nene za plastiki. Juu ni bati, na jua la saa saba liko juu ya bati. Shika yoyote kati ya hizo mgongoni, utaona mkono unataka kuondoka. Simu hizo zinachajiwa, zinajaa, kisha zinasubiri wenyewe wamalize kuuza mazao, saa tatu au nne zaidi, zikiwa zimejaa na zinachemka. Simlaumu mwenye kibanda. Anafanya kazi halali na anawasaidia watu wengi. Namwomba tu mambo ambayo hayana gharama: azivue kava, aache nafasi ya kiganja kati ya simu na simu, ahamishe ubao uende upande wenye kivuli na upepo, na simu ikifika 90 aichomoe ampe mwingine nafasi. La mwisho litamwongezea wateja.

Wenye sola nyumbani nao wasikilize. Paneli inataka jua kali, simu inataka kivuli, na waya ndio unaopaswa kuunganisha viwili hivyo. Kuilaza simu juu ya bati pembeni ya paneli kwa sababu waya ni mfupi ni kuikaanga. Nunua waya mrefu. Kuhusu kuchaji simu chini ya mto au ndani ya blanketi, sitasema mengi, kwa kuwa hilo si suala la uhai wa betri tena, ni suala la uhai wa anayelala. Na kijana anayecheza gemu huku simu iko kwenye chaji, akisikia imepata moto mkononi, hiyo ndiyo nafasi ya kuiweka chini, apumzike yeye na betri yake.

4. Sifuri

Hapa nitapita haraka. Simu ikizima yenyewe haijafika sifuri kweli. Imeacha akiba kidogo ya kujilinda. Kuizimisha mara moja moja hakuna msiba. Msiba ni kuiacha hivyo. Wapo wenye simu ya akiba kabatini, au ya mtoto aliyekwenda shule ya bweni, ambayo ilizima mwezi wa kwanza na itatafutwa mwezi wa sita. Betri hiyo inaendelea kuvuja taratibu, na ikishuka kupita kiasi madini ya shaba yaliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na kidhibiti kinakataa kuipokea chaji tena. Simu ya kuwekwa iwekwe ikiwa na nusu ya chaji, imezimwa, mahali pakavu pasipo joto, na baada ya miezi michache iongezewe.

5. Kwamba betri ni rahisi kubadilisha

Pingamizi la mwisho nalisikia sana kwa vijana: kwa nini tujitese na asilimia, betri ikifa si tunanunua nyingine? Zamani jibu hilo lilikuwa na nguvu. Betri ya Nokia ilitoka kwa ukucha, na ile BL-5C ilipatikana kila duka, mpaka leo inawasha redio. Simu janja nyingi zimegundishwa. Kufungua kunahitaji fundi mwenye vifaa vya kupashia gundi, na fundi huyo yuko Same au mbali zaidi. Nauli, siku ya kazi iliyopotea, na hatari ya kioo kupasuka vyote vinaingia kwenye bei ya betri hiyo iliyoitwa rahisi. Tena huwezi kuwa na hakika na kinachowekwa ndani. Tunakumbuka tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchini, na hapo ndipo watu wengi walipojua walichokuwa wamekishika. Betri bandia haina namba ya kuizima kutoka Dar es Salaam. Inaingia kimya, na jina kubwa limeandikwa juu yake.

Hata kampuni kubwa zimeponzwa na betri. Mwaka 2007 Nokia walitoa tahadhari kuhusu betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na kampuni moja ya Japani, kwa kuwa zingeweza kupata moto kupita kiasi zikichajiwa. Mwaka 2016 Samsung walilazimika kuirudisha Galaxy Note 7 yote kutoka sokoni kwa sababu ya betri kuwaka. Hao ni wenye maabara na wakaguzi. Aliyeitengeneza betri yake kwenye karakana isiyojulikana, akaiandikia uwezo mara mbili ya ule ilio nao, tumtegemee kwa lipi? Kwa hiyo betri iliyokuja na simu kutoka kiwandani mara nyingi ndiyo bora kuliko zote ambazo simu hiyo itawahi kuwa nazo, na ndiyo inayostahili kutunzwa. Kuhusu chaja, angalieni maandishi madogo ya volti na ampea kwenye kichwa chake, na ikiwa nyepesi mno mkononi au inapata moto ikiwa haijachomekwa simu, iacheni. Chaja ya zamani yenye nguvu ndogo isitupwe ikiwa ni nzima, kwani inajaza polepole na kwa ubaridi, na kwa mtu ambaye hana budi kuchaji usiku ndiyo inayomfaa. Zile za kasi zihifadhiwe kwa siku za haraka.

Na betri iliyovimba, iliyousukuma mgongo wa simu mpaka ukaachia, isitobolewe kutoa hewa, isibanwe kwa mpira, isirudishwe kwenye chaja kujaribu bahati. Wala isitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa jioni, kwa sababu itawaka na kutema moshi wenye sumu usoni mwa anayechoma. Akina mama ndio mara nyingi wanaochoma taka nyumbani, na watoto wako pembeni yao.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa yaliyo mbele yetu. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya lazima ziwe na betri inayoweza kuvumilia angalau mizunguko 800 na kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, sheria yao nyingine itataka betri za vifaa kama hivi ziweze kutolewa na kubadilishwa na mwenye kifaa mwenyewe, ingawa betri zinazodumu sana zina nafuu katika masharti hayo. Simu zinazokuja Kariakoo na kupanda mpaka huku nyingi hazipitii Ulaya, na hakuna sheria ya Brussels itakayomlinda mnunuzi wa Chome. Shirika letu la Viwango linaweza kudai jambo kama hilo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake sasa wamo Wakongo wenye kobalti na sisi wenye kinywe, ina sababu zaidi ya nyingi ya kulidai kwa pamoja. Tusingoje hilo ndipo tuanze. Walimu wa sayansi wanaweza kulipeleka darasani jedwali nililolitaja, ni somo la kemia lililo tayari mifukoni mwa wazazi. Wenye vibanda vya kuchajisha wanaweza kukubaliana juu ya kivuli na nafasi kabla ya gulio lijalo. Ofisi ya kijiji inaweza kutenga ndoo moja ya bati yenye mchanga, ya kuwekea betri zilizovimba mpaka lipatikane gari la kuzishusha mahali zinapopokelewa. Na nyinyi vijana, mkienda kununua simu, pamoja na kuuliza kamera ina megapikseli ngapi, mwulizeni muuzaji betri imeundwa kwa mizunguko mingapi, na kama kwenye mipangilio yake kuna chaguo la kusimamisha chaji kwenye 80. Mara ya kwanza hatajua. Mkimwuliza kumi, ataanza kumwuliza aliyemletea mzigo. Sasa nipo tayari kwa maswali, na naona mwenye simu iliyovimba mgongo ameshainyanyua. Naomba aanze yeye, ila kwanza aizime.